Jina Lililoachwa: Watazamaji na Nasaba za Watu Mashuhuri

Ni desturi yetu hapa Singida, kama ilivyo mahali pengi nchini, kwamba katika ibada ya mazishi msemaji wa familia husimama na kusoma historia ya marehemu: kuzaliwa kwake, shule, ndoa, watoto, kazi, maradhi na kifo. Kila mchungaji aliyezika watu kwa miaka kadhaa ajua pia kimya kinachoweza kuwamo katika karatasi ile. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hatajwi, ingawa yupo pale nyuma ya umati, analia kama wenzake. Makala hii yahusu vipindi vya televisheni vya ng'ambo, lakini imeandikwa kwa ajili ya kimya hicho.

Mwaka 2004 shirika la BBC la Uingereza lilianzisha kipindi kiitwacho Who Do You Think You Are?, ambamo mtu mashuhuri huongozwa hatua kwa hatua kuwatafuta wazee wake katika vitabu vya parokia, hati za mahakama na orodha za sensa. Huko Marekani, Profesa Henry Louis Gates wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza mwaka 2012 kuongoza kipindi cha namna hiyo, Finding Your Roots, katika televisheni ya umma ya PBS. Mgeni huketi mbele ya kitabu, hufunua ukurasa, na kamera huusubiri uso wake. Yafaa tuwahakiki watazamaji pamoja na waandaaji, maana kile ambacho watazamaji wamekipenda na kukikasirikia chafunua imani yao juu ya mwanadamu.

Itikio la kwanza ni machozi. Mwaka 2006 mtangazaji Jeremy Paxman, aliyeogopwa na wanasiasa kwa ukali wa maswali yake, alilia mbele ya kamera alipoona jinsi mama mmoja wa ukoo wake, mjane maskini wa Glasgow, alivyonyimwa msaada wa maskini kwa sababu alizaa nje ya ndoa. Watazamaji waliguswa kumwona mtu mgumu akilainika. Itikio la pili ni shangwe. Mwaka 2016 mwigizaji Danny Dyer, mtoto wa mitaa ya mashariki ya London, aliambiwa kwamba anatokana na Mfalme Edward wa Tatu. Watu walifurahi mno, ingawa hesabu yenyewe ni nyepesi: kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na akirudi nyuma vizazi 20 nafasi za wazee wake hupita milioni moja. Katika umati huo mfalme hakosekani kwa urahisi. La ajabu ni kwamba twamshangilia yeye peke yake na kuwasahau wakulima waliomlisha.

Itikio la tatu ni hasira, nalo ndilo zito zaidi. Mwezi Oktoba 2014 Finding Your Roots ilionyesha nasaba ya mwigizaji Ben Affleck. Mwezi Aprili 2015 barua pepe zilizoibwa kutoka kampuni ya Sony ziliwekwa hadharani, zikaonyesha kwamba mgeni mmoja alikuwa ameomba babu yake mwenye watumwa asitajwe. Affleck akakiri kwamba ni yeye, na kwamba aliona aibu. Gates alijitetea kwamba yeye ndiye aliyechagua habari zenye kuvutia zaidi. Uchunguzi wa PBS, uliotolewa mwezi Juni 2015, uliona kwamba kanuni za uhariri zilivunjwa, na msimu uliofuata ukaahirishwa.

Watazamaji waligawanyika. Wengine walisema wamedanganywa; wengine walimtetea, wakiuliza mtu ana kosa gani kwa tendo la babu aliyekufa zamani. Kwa maoni yetu, kila upande ulishika nusu ya Maandiko. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, afundisha kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Basi Affleck hakuwa na hatia ya utumwa. Lakini Nehemia 9 yatuonyesha Waisraeli wakisimama na kuungama maovu ya baba zao pamoja na ya kwao wenyewe. Kuondolewa hatia si ruhusa ya kuficha. Tena, aliyepata hasara kubwa katika ukimya ule si mtazamaji. Ni wale watu waliomilikiwa: babu alipoondolewa, nao waliondolewa pamoja naye, wakapotea mara ya pili.

Hapa mafundisho ya Kilutheri yana neno la kusema. Katika mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alitofautisha mtheolojia wa utukufu, anayeita uovu wema, na mtheolojia wa msalaba, anayelitaja jambo jinsi lilivyo. Anayehesabiwa haki kwa neema hana haja ya babu mwema ili asimame mbele za Mungu. Kwa hiyo anaweza kumtaja babu mbaya bila kuanguka. Mathayo alilijua hilo. Katika nasaba ya Bwana aliwaandika Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, na kwa kumtaja Uria alikumbusha dhambi ya Daudi, mfalme mwenyewe. Mhariri mwenye kutunza heshima ya familia angewafuta wote.

Tukirudi kwetu, twapata fundisho ambalo pengine tumelidharau. Wanyaturu huhesabu ukoo kwa baba, lakini majirani zao Wanyiramba na Waisanzu kwa mapokeo waliuhesabu kwa mama. Katika hesabu hiyo ya pili, mtoto asiyejulikana baba yake hakukosa ukoo. Alikuwa nao tangu tumboni. Hatusemi kwamba mila iliyatangulia maagizo ya Injili, wala hatusemi kwamba ndoa ni jambo dogo. Twasema tu kwamba kanisa lisiwe na nafasi finyu kwa mtoto kuliko ile aliyokuwa nayo kwa bibi yake.

Yatakuwapo mapingamizi. Mtu atasema kwamba kaburini si mahali pa kufunua aibu, na kwamba mjane naye ana machozi yake. Ni kweli, na mchungaji asiyejali hilo atajeruhi badala ya kuponya. Ndiyo maana kazi hii haianzi siku ya mazishi. Huanzia katika ziara za nyumbani, katika maungamo, katika kitanda cha mgonjwa anayetaka kusema jambo na hajui aanzie wapi. Mchungaji akimsaidia mzee kumtaja mtoto wake akingali hai, msemaji wa familia hatapata taabu ya kuficha.

Vipindi tulivyovihakiki vyategemea vitabu vya ubatizo vilivyoandikwa na watumishi wasiojulikana, waliomtaja maskini kwa wino uleule waliomtajia tajiri. Vitabu vya namna hiyo vimo pia katika ofisi za sharika zetu. Twaomba vilindwe na mchwa, na viandikwe kwa ukweli. Mtoto yule aliyesimama nyuma ya umati alibatizwa, na jina lake limo kitabuni. Lisomwe pamoja na majina ya ndugu zake.