Theluji na Mvua: Neno juu ya Tafakari za Dominika

Katika vigango vingi vya pande zetu za Bariadi Padri hawezi kufika kila Dominika. Hapo katekista, au mwalimu, husimama mbele ya watu, husoma masomo ya siku, kisha husoma tafakari iliyopigwa chapa. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa. Basi nikisema neno juu ya tafakari hizo, sisemi kama mtu aliye mbali, maana sauti iliyozisoma ni yangu.

Dominika ya 15 ya Mwaka A iliangukia Julai 16, 2023. Somo la kwanza lilitoka kwa Nabii Isaya, sura ya 55, ambapo neno la Mungu lafananishwa na mvua na theluji zishukazo kutoka juu wala zisirudi bure. Injili ilikuwa ile ya mpanzi, Mathayo sura ya 13. Ni masomo gani yamfaayo mkulima kupita hayo? Lakini tafakari niliyokuwa nayo mkononi ilianza na theluji ikakaa katika theluji: jinsi ifunikavyo mashamba wakati wa baridi kali, jinsi iyeyukavyo, na jinsi maua yachipukavyo baada yake. Mvua haikupewa hata mstari mmoja. Ibada ilipokwisha bibi mmoja alinijia, akaniuliza, "Mwalimu, hiyo theluji ndiyo mvua ya mawe?" Nikamjibu, "Hapana, mayu, hiyo ni nyingine." Akasema, "Basi ile ya kwetu hamkuisema." Akajitwika furushi lake, akaenda zake.

Alisema "hamkuisema", akinihesabu pamoja na mwandishi. Nami naona alihesabu sawasawa.

Mtu asije akadhani kwamba nataka theluji iondolewe katika Maandiko. Isaya aliijua milima ya Lebanoni, na sisi tunao Kilimanjaro. Asiyeiona kwa macho ataelezwa kwa maneno mawili. Kosa si la Nabii, ni la mfafanuzi aliyechukua nusu ya mfano iliyo karibu na dirisha lake akaiacha nusu iliyo karibu na msikilizaji. Tena aliacha lililo gumu. Mwezi wa Julai kwetu mashamba yamekauka, pamba yapelekwa kuuzwa, na kila mtu ajua shamba lake limemlipa nini. Watu wa namna hiyo wakisikia habari za mpanzi amwagaye mbegu njiani na juu ya mwamba, hawafikiri kwanza juu ya mioyo yao; humwona ni mkulima mzembe! Ni nani apotezaye mbegu hivyo, na mbegu hununuliwa? Wataalamu wengine husema kwamba katika Palestina ya kale walimwaga mbegu kwanza, kisha wakalima juu yake. Iwe hivyo au isiwe, swali la mkulima ni zuri kuliko majibu mengi niliyoyasoma, kwa sababu lafungua mlango wa fumbo lenyewe: Mungu asiyebania mbegu yake hata mahali pasipo na tumaini.

Utaratibu wa masomo ya miaka mitatu, A, B na C, ulitolewa mwaka 1969, lakini kalenda yenyewe ni ya kale zaidi, nayo ilikua katika nchi za kaskazini. Huko Noeli huja siku zilizo fupi na usiku ulio mrefu. Bariadi iko karibu digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na Desemba yetu haina giza kupita Juni. Kwa hiyo tafakari za Majilio zisemazo juu ya giza la majira hupita juu ya vichwa vyetu kama ndege.

Katika Kwaresima neno hili linauma zaidi. Februari na Machi ghala za wengi zimepungua, na mazao mapya yangali shambani. Kumwambia mama apunguzaye uji wa watoto kwamba ajinyime nyama na vitu vitamu ni kusema na mtu asiyekuwapo. Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu husomwa Isaya sura ya 58, juu ya mfungo wa kufungua nira na kumgawia mwenye njaa chakula. Hapo mfafanuzi angesema wazi juu ya wale wanunuao mahindi kwa bei ndogo wakati wa mavuno na kuyauza kwa bei kubwa wakati wa njaa. Baadhi yetu walimu, wenye mshahara wa kila mwezi, tumo katika hesabu hiyo. Sijaona tafakari iliyotugusa.

Lakini wako waliofanya kazi njema. Padri Donald Sybertz wa Maryknoll, aliyekaa Ndoleleji, pamoja na Padri Joseph Healey, walitoa mwaka 1984 kitabu kiitwacho Kueneza Injili kwa Methali, juu ya hekima ya Kisukuma kuhusu chakula. Nakisifu, ila kimefuata jambo, hakikufuata Dominika, na msomaji wa kigango hana budi kutafuta mwenyewe methali ya siku. Tena yuko mtu abandikaye methali mwanzoni mwa tafakari kama kiraka, akarudi kwenye theluji yake. Huko Bujora, Padri David Clement aliunganisha ngoma za Wasukuma na Sikukuu ya Ekaristi. Watu huiita Bulabo, yaani maua. Bagika na Bagalu hushindana mwezi wa Juni, mavuno yakiwa nyumbani. Hiyo naiona ni tafakari iliyo bora kuliko nyingi zilizoandikwa.

Dominika ya tatu ya Majilio, Desemba 14, 2025, ulisomwa Waraka wa Yakobo, sura ya 5, juu ya mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho. Tafakari iliyopigwa chapa ilikuwa juu ya mishumaa. Niliiweka kando, nikauliza ni nani aliyekwisha kupanda. Yule bibi akainua mkono, akataka kujua kama huyo mkulima wa Yakobo alingoja huku akipalilia, au aliketi tu. Nikamwambia Waraka hausemi. Wazee wakaanza kubishana, na ibada ikachelewa kwisha.