Chuchu ya Kumi na Saba

Fundi aliyenifundisha kupiga grisi, pale Mombo, hakuanza na bomba. Alinitandikia kadibodi chini ya Land Cruiser pikapu iliyozeekea kazi ya kushusha kabichi kutoka Lushoto, akasema: "Ingia, mwanangu, uhesabu chuchu. Ukitoka uniambie ziko ngapi." Nikatoka na kumi na sita. "Kumi na saba," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Gerejini kazi hii haina heshima. Anayefungua injini huitwa fundi. Anayepiga grisi huitwa kijana, hata akiwa na mvi. Hakuna mteja anayerudi kushukuru kwamba pini haikukatika. Dereva anashuka kona za Soni, kabichi zimempanda mpaka juu ya kabini, kila akitoka kwenye kona usukani unarudi wenyewe taratibu, naye anadhani ndivyo magari yalivyo.

Chuchu hupanguswa kwanza. Mchanga uliokaa kichwani mwake ukisukumwa ndani, pini imepewa msasa badala ya grisi. Kisha gari hupigwa jeki kwenye chasisi, magurudumu yaning'inie, na chini huwekwa stendi, maana jeki si ya kuaminiwa na kichwa cha mtu. Kuning'iniza huku ndiko wengi wanakokuruka. Gari ikisimama kwa miguu yake, uzito huigandamiza pini upande mmoja wa bushi. Grisi hufuata upande ulio wazi, na pale penye msuguano panabaki pakavu. Niliwahi kushika pini ya springi iliyong'olewa: upande mmoja mzima kama wa dukani, upande wa pili umeliwa. Mwenye gari aliapa kwamba hupiga grisi kila mwezi. Naamini alisema kweli.

Utamu wenyewe uko kwenye kile kinachotoka. Unapampu kwenye pini ya springi, grisi ya zamani inachomoza pembeni, nawe unaisoma. Nyeusi nzito ni umri tu. Ya rangi ya maziwa imechanganyika na maji: gari imevuka mto, dereva hakusema. Yenye wekundu ina kutu. Ikimetameta chembe za chuma, weka bomba chini, chukua spana. Unaendelea mpaka itoke safi.

Boljointi na tairodi zenye chuchu hazitaki ukarimu huo. Zimevaa kofia ya mpira. Mpira ukianza kutuna, acha, kwa sababu ukipasuka umeufungulia mlango udongo wote wa Usambara. Bushi za mpira usizipake kabisa: grisi ya kawaida huzivimbisha na kuzilegeza.

Chuchu yenyewe, yenye kigoroli kinachorudi nyuma grisi ikisukuma na kuziba ikikoma, ni deni letu kwa Oscar Zerk, mzaliwa wa Vienna, aliyepewa hataza nchini Marekani mwaka 1929. Magari mengi ya siku hizi hayana chuchu kwenye usukani. Jointi zimefungwa kiwandani, na wauzaji husema zimetiwa grisi ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. Nadhani ni ya jointi yenyewe.

Nilirudi chini ya ile pikapu mara mbili, nikapapasa kila kona, nikatoka na kumi na sita zilezile. Fundi akamaliza kahawa, akashusha gari, akaitoa gia, akaniambia nisukume. Tukaisogeza hatua moja. Propela shafti ikajizungusha, na chuchu iliyokuwa imeangalia juu, imejificha chini ya bodi, ikaja upande wetu. Udongo ulikuwa umeigandia mgumu kama saruji. Haikuwa imeguswa na bomba kwa miaka.