Swali kwa Mzabibu

Saa sita mchana katika bonde la Napa, California, jua likiwa la utosi, mkulima huchagua jani lililokomaa linalopigwa na mwanga. Hulivika mfuko wa plastiki kabla ya kulikata, maana likikaa wazi hupoteza maji ndani ya sekunde chache na kipimo kikaharibika. Hulikata kwa wembe, mara moja tu. Kisha hulifungia ndani ya chombo cha chuma, kikonyo kikichungulia nje kupitia tundu la kifuniko, akafungulia gesi taratibu, jicho kwenye lenzi.

Naipenda subira ya dakika hiyo. Gesi hulibana jani mpaka maji yachomoze pale kikonyo kilipokatwa. Hapo husoma kipimo. Bar 10, mzabibu umeanza kuona kiu. Ukipita bar 16, umeumia. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi, basi fikiria nguvu anayoipima mtu huyu kwenye jani moja. Mwanasayansi Per Scholander na wenzake waliieleza njia hii mwaka 1965, na hadi leo wakulima wanaitegemea.

Katika miaka ya ukame, maji hayamwagwi kwa kufuata kalenda, bali kwa kufuata kipimo hiki. Mizabibu ya mvinyo mwekundu huachwa ione kiu kidogo: machipukizi hukoma kurefuka, zabibu hubaki ndogo, rangi na ladha zikakolea. Ustadi wote uko katika hicho "kidogo".

Moshi ni mtihani mwingine. Mioto ya nyika ya mwaka 2020 ilifukiza mashamba ya Napa na Sonoma, maabara za kupima zabibu zikaelemewa, majibu yakachukua wiki kadhaa. Kemikali za moshi hujifunga na sukari ya tunda, hivyo ukitafuna zabibu mbichi huenda usihisi chochote. Wakulima wakachuma vishada kutoka safu mbalimbali, wakaviponda ndani ya ndoo, wakatia hamira, wakangoja kama wiki moja, ndipo wakaonja. Muonjaji mzuri hana haraka: mate yake ndiyo yanayozifungua zile kemikali, na ladha ya majivu huja mwishoni, kooni. Tena huonja watu kadhaa, kwa kuwa si kila ulimi huinasa.

Kuacha mavuno ya mwaka mzima kwa sababu ya ndoo moja ni uamuzi mzito, nami nawaheshimu waliouchukua. Viwanda kadhaa vya Napa havikutoa kabisa mvinyo mwekundu wa mwaka 2020.