Rangi za Mimea Mbele ya Kostiki

Kila aliyewahi kufua kanzu nyeupe baada ya karamu ya harusi ameliona jambo hili, walakini ni wachache waliosimama kulitafakari: doa la mchuzi, ambalo kabla ya kuloweshwa lilikuwa la manjano, hugeuka jekundu kama damu mara lipakwapo sabuni, na likishasuuzwa kwa maji mengi na kukamuliwa ndimu, hurudi katika umanjano wake wa kwanza kana kwamba halikupata kubadilika. Bizari ile haikuongezeka wala kugeuzwa kwa nyingine. Kiini cha rangi yake, ambacho wataalamu hukiita kurkumini, huvaa manjano penye uchachu na huvaa wekundu penye ukali wa magadi. Nimelitanguliza doa hili kwa sababu mtu atakaye kuitia sabuni rangi kwa majani, mizizi na mbegu hupotea njia mapema akidhani kuwa rangi aionayo sokoni ndiyo atakayoikuta katika mche wa sabuni. Mmea huileta rangi mahakamani tu, na hukumu hutolewa na kostiki.

Msimu wa kaskazi uliopita nilipata kushuhudia hukumu hiyo ikitolewa mara sita kwa siku moja, uani kwa jirani yangu wa Unguja, bibi mmoja ambaye ametengeneza sabuni kwa miaka mingi kuliko niwezavyo kumuuliza kwa adabu. Alikusudia kujua ni rangi zipi za shambani na jikoni ziwezazo kumwondolea haja ya unga wa rangi wa dukani, na kwa kuwa yeye ni mtu wa mizani wala si mtu wa kukisia, alianza na msingi mmoja kwa zote: gramu 3,000 za mafuta ya nazi yaliyosafishwa, gramu 439 za kostiki na gramu 900 za maji. Hesabu hiyo ina maana yake. Kila gramu 1,000 za mafuta ya nazi hutaka takriban gramu 183 za kostiki ili yote yageuke sabuni, nazo 3,000 zingetaka 549. Yeye akapunguza fungu moja katika matano, ili sehemu ya mafuta isalie bila kugeuzwa, kwani sabuni ya nazi tupu isiyoachiwa mafuta huikausha ngozi hata ikakwaruza. Wala hakuichagua nazi kwa mapenzi ya kipwani pekee. Sabuni yake hutoka nyeupe pe, na rangi hupimwa vyema juu ya kitu kisicho na rangi.

Kostiki aliimimina ndani ya maji, kidogo kidogo, wala si maji juu ya kostiki, maana mwenye kugeuza utaratibu huo huweza kurukiwa usoni na maji yachemkayo ghafla. Chombo kilikuwa ndoo nzito ya plastiki, kwa kuwa sufuria zetu za alumini huliwa na kostiki huku zikitoa hewa iwakayo moto. Maji yalipopoa aliyatia katika mafuta, akakoroga hata mchanganyiko ukawa kama uji wa mtoto, ule ambao tone lidondokalo kutoka katika mwiko huacha alama juu yake kabla ya kuzama. Hapo ndipo alipougawa katika kalibu sita, na kila kalibu ikapata kijiko kimoja cha chai cha rangi yake: manjano, mzingefuri, choya, majani makavu ya mlonge, nili, na mkaa wa vifuu uliosagwa. Manjano na mzingefuri hazikutiwa kama unga. Zilikwisha kulala usiku kucha katika mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, zikachujwa kwa kitambaa, na mafuta hayo yalitolewa katika zile gramu 3,000 ili mizani isipotoke.

Choya ndiyo iliyoanguka kwanza. Unga wake, mwekundu wa kupendeza, ulipogusa uji wa sabuni ulipita katika zambarau na ukijani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuueleza, kisha ukatulia katika udongo-udongo usio na jina. Mwenye kutaka kuliona jambo hili bila sabuni na atie chembe ya magadi katika bilauri ya maji ya choya. Rangi za jamii hii, ambazo ndizo rangi za zambarau, za maua mengi na za matunda meusi, huitwa anthosiani. Katika uchachu huwa nyekundu, na kadiri ukali unavyopanda hupita katika buluu na kijani hadi kuvunjika kabisa zikaacha manjano chafu au hudhurungi. Sabuni hata ikishakomaa hubaki na ukali wa kipimo cha pH 9 mpaka 10, basi hakuna siku ambayo choya itapata faraja ndani yake. Wanaouza sabuni nyekundu kwa jina la choya ama wametia kitu kingine pamoja nayo, ama wameinyunyiza juu ya mche kama pambo.

Manjano ilikuwa na kisa kirefu zaidi. Ilipotiwa iligeuka nyekundu mbele ya macho yetu, kama lile doa la kanzu, na mjukuu wa bibi yule alipiga ukelele akidhani mtu amejikata. Usiku, kalibu zilipofunikwa blanketi, joto la sabuni yenyewe lilikusanyika katikati, likaigeuza sehemu hiyo kuwa kama ute unaopenya mwanga, na asubuhi tukaona kila mche wa manjano una duara la rangi nzito katikati na ukingo mpauko kandokando. Si kasoro ya rangi bali ni alama ya joto, kwa maana sabuni iliyopitia hali hiyo ya ute huionyesha rangi kwa kina kuliko isiyopitia. Atakaye mche wenye rangi moja na aifunike kalibu sawasawa pande zote, au aiweke penye baridi isipitie hali hiyo kabisa. Wiki zilivyopita na ukali kupungua, wekundu ule ulirudi nyuma, lakini haukurudi hata penye manjano ya sokoni. Katika ukali kurkumini haibadiliki vazi tu, bali huchakaa pia, na ile iliyookoka ilituachia rangi ya asali. Bibi akaugeuza mche mkononi, akasema, “Mwanangu, mimi nilipika manjano, ikanitokea asali.” Hakuonekana kuchukia, nami nadhani asali hiyo ni nzuri kuliko manjano aliyoikusudia. Lakini yule anunuaye sabuni hiyo kwa kuambiwa kuwa itamng'arisha uso, mimi simwoni kuwa na hoja: kurkumini iliyokwisha kuteswa na kostiki, kisha ikakaa juu ya ngozi kwa muda wa kupaka na kusuuza, nguvu yake i katika jina lililoandikwa juu ya karatasi.

Mzingefuri ulisimama imara, na sababu yake inafurahisha. Rangi iliyo juu ya mbegu zake, biksini, huyeyuka katika mafuta, na kostiki ikiikata kipande kimoja hugeuka norbiksini, ambayo huyeyuka katika maji yenye ukali. Basi adui wa rangi nyingine humfanyia huyu hisani ya kumbadilishia makao bila ya kumvua nguo. Ni rangi hiyo hiyo itiwayo katika jibini na siagi huko Ulaya na Marekani, na katika sabuni ilitupa umanjano wa kiini cha yai. Jina lake nalo lina kisa. Zingefuri, kwa Waajemi na Waarabu, ni jiwe jekundu la zebaki, ambalo ni sumu. Mti wenyewe ni mgeni kutoka nchi za joto za Amerika, ukarithi jina la jiwe kwa ajili ya wekundu wa mbegu zake. Nalitaja kwa hadhari, kwa kuwa zebaki haikuwa ngeni katika sabuni: zimeuzwa sabuni za kujichubua zilizotiwa zebaki, hata Mkataba wa Minamata ukapiga marufuku, baada ya mwaka 2020, utengenezaji na biashara ya vipodozi vya namna hiyo vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni. Mbegu za mti huu hazina fungu katika jiwe lile ila jina.

Kuhusu mlonge, jiko lilikwisha kutufundisha. Mpishi wa kisamvu hutia magadi ili majani yalainike, na huona kuwa ukijani haukufa bali umechangamka. Vivyo hivyo klorofili ndani ya sabuni hukatwa mkia wake na kostiki, ilhali kichwa chake chenye magnesiamu, ambacho ndicho chenye rangi, husalia. Mche ulitoka na kijani cha majani ya mgomba, nasi tukashangilia mapema. Adui wa kijani hiki hayumo ndani ya kalibu, yumo dirishani, na nitamrudia.

Nili, ile iliyotia weusi wa kaniki, haiyeyuki katika maji wala katika mafuta, na kostiki peke yake haiidhuru. Mtia nguo rangi hulazimika kwanza kuinyang'anya oksijeni ndipo iyeyuke na kuingia katika uzi. Ndani ya sabuni haipitii safari hiyo, inabaki kuwa vumbi lililotawanyika, kwa hiyo kazi yote ni ya kusaga: bibi aliisugua na mafuta kidogo katika kinu kidogo cha mawe hata isisikike baina ya vidole, na palipobaki chembe palitokea madoa kama ya wino. Ikiwa kidogo hutoa kijivu cha mawingu, ikizidi hutoa buluu ya nguo kuukuu. Watu huichanganya na buluu ya kufulia, ambayo aghalabu ni kitu kingine kabisa kitengenezwacho viwandani. Mkaa wa vifuu sina mengi ya kuusemea. Haujali kostiki wala jua, hutoa weusi au kijivu kulingana na kiasi, na ukizidi huchafua povu na taulo. Ngeu, yaani udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, una tabia iyo hiyo ya ukaidi, naye bibi huutumia siku nyingi.

Niliuliza kwa nini mwani haukuwamo, madhali wanawake wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwaka 1989 na sabuni ya mwani imekuwa bidhaa mashuhuri ya kisiwa. Alicheka. Wekundu wa mwani ule hushikwa na protini iyeyukayo katika maji, na protini hiyo huharibika mbele ya kostiki. Zaidi ya hayo, mwani ulioanikwa na kuoshwa kwa maji ya mvua hupauka kabla hata ya kufika kwa mtengeneza sabuni. Huleta utelezi na chembechembe za kupendeza, lakini rangi ya bahari ambayo mgeni huitazamia haimo.

Manukato nayo ni watia rangi wasioalikwa. Mafuta ya karafuu, kama yale yakenekwayo kutoka kwa makonyo huko Wawi, Pemba, yana yujenoli, nayo hukimbilia kostiki kwa haraka hata uji ukagandia mwikoni, na sabuni huwa hudhurungi kwa muda wa siku chache. Sabuni yenye vanila hufanya weusi wake taratibu zaidi. Basi mtu aliyehangaikia kijani chake cha mlonge kisha akatia karafuu kwa harufu amejenga kwa mkono mmoja akabomoa kwa wa pili.

Hata hivyo nilipomaliza kuandika haya yote niliona kuwa tumelizunguka jambo lililo kubwa kuliko vijiko vyetu sita, nalo ni kwamba mtia rangi wa kwanza wa sabuni ni mafuta yake. Mafundi wa Aleppo, mji ambao Waarabu huuita Halab, hupika mafuta ya zeituni na ya mti wa ghar bila ya kutia rangi yoyote. Miche hutoka kijani, nayo ikipangwa kwa miezi mingi ipigwe na hewa, ngozi yake ya nje huwa ya dhahabu wakati kijani kinabaki ndani, na mnunuzi huukata mche ili auone umri wake. Karibu na sisi, watengeneza sabuni wa Kigoma wana mawese, na kila kilo ya mawese ghafi hubeba baina ya miligramu 500 na 700 za karotini na ndugu zake. Kostiki haina nguvu juu ya hizo: hata katika maabara, atakaye kuzitenga karotini huyageuza mafuta kuwa sabuni kwanza, kisha huzichukua zikiwa salama. Ila moto mkali huzipausha, na kwa sababu hiyo mawese yaliyochomwa hata yakawa meupe hayafai kazi hii.

Bibi aliyachukua maneno hayo kwa vitendo. Wiki iliyofuata alipima gramu 600 za nazi, gramu 400 za mawese na gramu 150 za kostiki, akakoroga bila kijiko cha rangi yoyote, na kilichotoka kilikuwa na rangi ya embe lililoiva mtini, sawasawa kutoka ukingo hadi katikati. Akaniuliza kama sikuona haya kumwacha ateseke na choya.

Wakati huo vipande vya kwanza vilikwisha kutimiza wiki sita. Kila rangi ilikuwa na vipande viwili, kimoja ndani ya kabati na kimoja juu ya kizingiti cha dirisha lielekealo mashariki. Mkaa na nili havikujua tafauti. Manjano ya dirishani ilikuwa imepoteza nusu ya asali yake, mzingefuri kidogo, na mlonge, ambao kabatini ulikuwa bado kijani, dirishani ulikuwa na rangi ya makuti makavu upande wa jua, na kijani hafifu upande ulioegemea ukuta. Bibi akaifunga miche ya kabatini katika karatasi ya kaki kwa ajili ya kuuza, akapachika kipande cha mawese mahali pa wazi pale dirishani, na kile cha mlonge akakiacha palepale, wanunuzi wakione.