Hila ya Portia na Haki ya Mdai

Wanafunzi wetu wasomapo Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, humshangilia Portia. Sisi twawaomba waitazame tena kesi ile. Ni kesi ya madai. Shylock ameiweka wazi hati yake ya ratili ya nyama. Hoja ya kutomwaga damu imefichwa mpaka kisu kimekwisha kunolewa. Tena atoaye hukumu ni mke wa Bassanio, aliyenufaika na mkopo ule!

Sheria nyingi zimekataa kuviziana namna hiyo. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, tangu 1938, wadaawa huweza kudaiana nyaraka na majibu kabla ya kesi kusikilizwa. Ujerumani, hakimu mwenyewe ndiye aanzaye kuwahoji mashahidi. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966 yamtaka mdai atoe hati anayoitegemea anapofungua madai.

Njia ni mbalimbali, shabaha ni moja: kila upande ujue unalolijibu. Jukwaani Shakespeare ameshinda, maana siri ndiyo roho ya onyesho lile. Lakini Shylock alikuja kudai, akatoka amehukumiwa, akalazimishwa hata kuiacha dini yake. Akili ya Portia tuisifu. Haki yake tuihoji.