Dakika kumi na Frankie

Mara ya kwanza kusikiza "Frankie Teardrop" nilikuwa kwa matatu, saa kumi na moja alfajiri, natoka kazi ya usiku. Sikuumaliza. Dakika ya sita hivi nikatoa hedifoni, nikabaki kumsikiza makanga akiitisha nauli. Ilinichukua karibu mwaka kuurudia.

Wimbo wenyewe ni dakika kumi na ushee. Frankie ana miaka 20, ana mke na mtoto, na anafanya kazi kiwandani kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Pesa haitoshi chakula. Nyumba nayo yuko karibu kufukuzwa. Halafu anachukua bunduki: anamuua mtoto, anamuua mke, kisha anajiua. Hadithi ndiyo hiyo yote, na imebebwa na watu wawili tu. Alan Vega anaimba, Martin Rev yuko kwa kinanda na mashine ya midundo. Walijiita Suicide, yaani kujiua. Walianza New York mwaka wa 1970, na mapema hivyo tayari walikuwa wakitangaza shoo zao kwa neno "punk", miaka kadhaa kabla ya Ramones na Sex Pistols kulifikisha kila mahali. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1977.

Kwa ploti yetu kuna mama ambaye tumeishi naye miaka minne. Kila mtu humwita Mama Brayo. Jina lake mwenyewe silijui, na hiyo ni aibu yangu. Suicide nao wamefanyiwa vivyo hivyo. Ukisoma chochote kuwahusu utakuta ni Baba Soft Cell, Baba Depeche Mode, na Baba M.I.A., manake huyo wa mwisho alichukua "Ghost Rider" yao akaitumia kwa "Born Free" mwaka wa 2010. Yote ni kweli. Lakini orodha ya watoto inaisha, na bado hakuna aliyekuambia mzee mwenyewe alikuwa anasema nini.

Mimi naona alikuwa anasema kuhusu kazi. Na njia aliyotumia kulisema ni ile mashine.

Mashine ya Rev ilikuwa ya aina iliyoundwa iwasindikize wapiga kinanda sebuleni: unabonyeza rumba inatoka rumba, unabonyeza waltz inatoka waltz. Kitu cha wazee wakifurahia Jumapili jioni. Rev aliipitisha kwa vifaa vya kupotosha sauti hadi ikawa kama injini iliyo nyuma ya ukuta. Sasa fikiria bendi ya kawaida ya punk. Mwimbaji akipandwa na hasira, mpiga ngoma naye anapandwa. Wanaenda mbio pamoja, wanachoka pamoja. Kwa "Frankie Teardrop" hakuna wa kupandwa naye. Vega ananong'ona, analia, anapiga mayowe ambayo hata leo yananifanya nitazame mlango, na mdundo uko palepale. Mtoto anakufa, hauongezi kasi. Frankie mwenyewe anakufa, haupunguzi. Kiwanda hakijagundua kwamba mtu mmoja hayuko.

Hiyo kazi yangu ya usiku ilikuwa kuandika maneno ya sauti za watu wa nchi za mbali, na malipo yalihesabiwa kwa dakika za sauti. Niliichukua baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, na mambo ya karo siyaingilii hapa. Ninachokumbuka ni saa ndogo pembeni ya skrini. Ulikuwa unaweza kuwa na homa, au umepigiwa simu ya msiba kutoka nyumbani. Ile saa ilihesabu tu. Niliporudi kwa Frankie baadaye, niliijua hiyo sauti kabla Vega hajafungua mdomo.

Ndiyo maana huniudhi kwamba wimbo huu umegeuzwa filamu ya kutisha. Huko Marekani kuna watu walioufanya mchezo wa ujasiri: usikize peke yako usiku, kwa giza, tuone kama utafika mwisho. Kwani hawakusikia dakika za kwanza? Kabla ya yowe lolote, Vega ametumia muda wake kwa mshahara na chakula na nyumba, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu upya akitumaini itatoka tofauti.

Lakini nina ugomvi na wimbo, na siwezi kuuficha. Mke hana jina. Mtoto pia hana. Mwishoni Vega anatugeukia na kutuambia ni kama sisi sote ni Frankie, na hapo huwa nakwama. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kwa sababu ya wenzao waliouawa. Habari za mauaji kama hayo tunazijua zinavyoandikwa: mwanaume anapewa sababu, msongo wa mawazo, madeni, na mwanamke anapewa umri wake tu. Suicide walimpa Frankie dakika kumi. Mkewe alipata sekunde kadhaa, za kufa. Sidhani hilo linauua wimbo. Linaonyesha tu Vega aliweza kuona umbali gani.

Albamu iliyobaki haiko hivyo yote. "Girl" naipita tu. "Cheree" ni wimbo wa mapenzi mtamu kabisa, kinanda chake kimetulia, na Vega, aliyempenda sana Elvis Presley, anaimba kama Elvis aliyekonda na asiye na pesa ya hoteli. Ukianza na huo utaelewa kwamba hawa hawakuwa watu wa kelele tu. Rev alikuwa amesoma jazz. Vega alikuwa msanii wa kuchonga kwa taa. Tena kwa miaka mingi watu waliamini Vega alizaliwa miaka kumi baada ya mwaka wake wa kweli, 1938. Yaani huyo kijana wa punk aliyeimba kuhusu mtu wa miaka 20 alikuwa anakaribia 40.

Kuna rekodi moja naomba uitafute. Juni 16, 1978 walicheza Brussels wakimfungulia Elvis Costello. Mashabiki waliwazomea, kipaza sauti kikanyakuliwa, shoo ikakatika, na ikauzwa baadaye kama "23 Minutes Over Brussels". Watu huisikiza kwa ajili ya vurugu. Mimi husikiza mashine: umati mzima unapiga kelele, na yenyewe inaendelea kuhesabu.

Aliyewaelewa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Bruce Springsteen, ambaye hungemtarajia. Mwaka wa 1982, kwa albamu ya "Nebraska", alitoa "State Trooper": gitaa moja lisilobadilika, dereva usiku, na yowe mwishoni lililotoka moja kwa moja kwa Frankie. Hakuchukua mashine, alichukua yule mtu na shida zake. Miaka mingi baadaye akawa anafunga shoo kwa "Dream Baby Dream", wimbo wao wa 1979, peke yake na kinanda.

Vega alifariki 2016. Nairobi nayo ilitoa watu wawili wa aina hiyo, Duma, mmoja wa sauti na mwingine wa mitambo, albamu yao ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka wa 2020. Sisemi walijifunza kwa Suicide. Sitaki kuanza tena mambo ya baba nani. Nasema tu kwamba nilipowasikia sikushtuka.

Anza na "Cheree", halafu "Ghost Rider", halafu Brussels. Frankie mwekee siku ambayo huendi kazini.