Kuikata Betri Mpya ili Kuficha Ujumbe

Fundi mmoja aliyebadilisha betri ya iPhone 11 aliharibu kazi nzuri kwa mkono wake mwenyewe. Nalisema mapema ili tusizungushane.

Ufunguaji haukuwa na dosari: skrini ilipashwa moto wa kutosha, plagi ya betri ikachomolewa kwanza, gundi ikavutwa bila kukatika.

Kisha likaja kosa lenyewe. Betri mpya ilikuwa mkononi, si ya Apple lakini nzima, na saketi yake ya ulinzi. Ilibaki kuchomeka tu. Yeye akachukua mkasi, akaikata saketi hiyo, akaitupa, akaanza kuilehemu ya betri kuukuu kwenye seli mpya.

Sababu tunaijua. Tangu iPhone XS na XR za 2018, Apple imeiozesha saketi ya betri kwa bodi ya simu. Ukiweka nyingine, simu inalalamika kwamba haiwezi kuthibitisha betri ni halisi. Mteja akisoma hivyo anajua kapigwa, na fundi hataki ugomvi.

Lakini saketi ile ya zamani ndiyo yenye chipu ya hesabu, na imekariri mizunguko yote ya seli iliyokufa. Ndiyo maana simu ilipowaka ilisema afya ya betri ni 76% ilhali seli ni mpya. Fundi akachomeka kifaa cha kuandikia chipu, akajaza 100%. Sasa asilimia hiyo haipimi kitu, ni mwandiko wake. Mteja akaondoka anacheka.

Na ulehemuji wenyewe! Masikio ya seli huungwa kwa mashine ya kuchomelea nukta, inayopiga umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Huyu alikandamiza chuma cha kulehemu hadi lehemu ikatiririka. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ndani ya seli, utando unaotenganisha chanya na hasi mara nyingi ni wa polithini, nao huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Joto husafiri kupitia masikio hayo hayo. Seli ya litiamu iliyojeruhiwa hivyo inaweza isionyeshe kitu mezani, ikaja kuvimba mfukoni mwa mtu.

Apple nao siwaachi. Hao hao mwaka 2017 walipunguza kasi ya simu zenye betri chakavu kimyakimya, wakaja kukiri Desemba, kisha wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Jambo hilo nimelipigia kelele na nitaendelea.

Zamani hatukuwa na haya: Nokia 1100 ilikuwa na betri ya BL-5C, na ukucha ulitosha kuitoa. Hata Agosti 2007, Nokia ilipotahadharisha kuhusu betri milioni 46 za aina hiyo zilizotengenezwa na Matsushita, mtu alifungua mfuniko, akasoma namba, akaomba nyingine bure. Hakuna aliyeshika mkasi.

Wenye iPhone, ujumbe ule haupunguzi chaji wala hauzimi simu, na baada ya siku kadhaa hubaki ndani ya mipangilio tu. Mwambieni fundi aiweke betri mpya na saketi yake yenyewe, akuandikieni dhamana. Akitoa mkasi, chukueni simu yenu muondoke.